Msoma Mita

Ngamiani siijui kwa sura za nyumba.
Naijua kwa kuinama.
Kila mwezi, tarehe tano mpaka tisa,
nafunua vifuniko vya chuma vilivyoliwa na kutu,
natoa mende, natoa mjusi,
mara moja nimetoa kiatu cha mtoto, cha kushoto,
nafuta kioo kwa kidole gumba,
kisha nasoma.

Waliozipa barabara namba walitaka kuturahisishia.
Hakuna aliyerahisishiwa.
Uliza ilipo ya Kumi na Tatu,
utaambiwa, pale kwa fundi baiskeli mwenye kigugumizi,
na fundi alishahamia Muheza, na kigugumizi chake.

Uwanja wa Mkwakwani: uniti mia mbili na arobaini.
Mwezi ule tuliofungwa nyumbani, matatu kwa sifuri,
uniti mia tisa.
Bomba la chooni lilipigwa teke
na mtu ambaye askari hawakumpata.
Mimi namjua. Ni shemeji yangu Semboja,
alichechemea wiki mbili
akisema ni baridi yabisi.

Mita ya msikiti inajua mwezi kuliko kalenda yangu.
Rajabu inapanda. Shaabani inapanda.
Ramadhani kigurudumu kinakimbia kama kimeitwa,
na Mfunguo Mosi kinakaa kitako,
kinapumua.

Sinema ya Nuru siku hizi ni ghala la magodoro.
Uniti mbili, chai ya mlinzi.
Nilichungulia:
magodoro yamesimamishwa safu kwa safu,
kimya, yote yametazama mbele
kwenye ukuta mweupe,
yanasubiri picha ianze.

Ukumbi wa Tausi, bili haijawahi kupokelewa bila ugomvi.
"Mita yako ina wazimu," ananiambia Bi Mwanakombo,
funguo za ukumbi zikilia kiunoni.
Mita haina wazimu, Bi.
Walioalikwa walikuwa mia mbili,
waliokuja kula ni mia nne,
na kila mmoja alinawa mikono mara mbili.

Tangamano kuna bomba moja la wazi.
Hapo siandiki kitu.
Vijana wa mkutano wa hadhara wanakunywa,
wa chama hiki na wa chama kile,
kwa kiganja, kwa zamu,
wakisukumana kidogo tu.

Halafu Barabara ya Kumi na Sita, mlango wa kijani.
Uniti tatu.
Miaka kumi na mmoja: tatu, tatu, tatu.
Sikupata kumwona uso.
Sauti tu, nyuma ya pazia: "Soma, mwanangu, soma,
usinizidishie."
Maji ya udhu, maji ya chungu kimoja,
maji ya mrehani uliokuwa koponi dirishani.

Mwezi mmoja nikafuta kioo, nikaona kumi na tisa.
Nilifurahi kabla sijafikiri.
Nikasema, leo bibi kapata wageni,
labda mjukuu karudi, labda ni binti na watoto.
Jirani akatoa kichwa dirishani:
"Hukusikia? Jumanne.
Walijaa mpaka barabarani."

Kumi na tisa. Nikaiandika.
Ndani yake mlikuwa na maji ya kumwosha.

Wanasema jina la mtaa huu limetokana na ngamia
aliyezungushwa kwenye kinu cha kushindika ufuta,
macho yamefungwa kitambaa ili asijue
kwamba hajaenda popote.
Sijui. Mimi sikumkuta.
Ila nikiinama, nikakiona kile kigurudumu chekundu
kinazunguka, kinazunguka gizani chini ya chuma,
huwa namkumbuka.

Pale kwenye mlango wa kijani kimesimama.
Mwezi wa kwanza sifuri.
Wa pili sifuri.
Kanuni yetu ni fupi: ikifika miezi mitatu, kata.
Mrehani umekauka, nikaumwagia maji ya chupa yangu,
ambayo hayapiti kwenye mita yoyote.

Mwezi wa tatu niliandika kwenye daftari la idara,
kwa wino, kwa mwandiko wangu mzuri:
*Mlango umefungwa. Sikuweza kusoma.*

Mlango ulikuwa wazi.